MAJANI SI TAKATAKA, BABA MDOGO!

Najua nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa na wengine mmeanza kuulizana kama bado nipo. Nipo, Durban hii hii, Umbilo ile ile, kazi zile zile. Leo sina picha za bahari wala stori za mechi. Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa majani makavu. Yale mnayoyafagia kila asubuhi, mkayarundika pembeni ya ukuta, jioni mkayatia kiberiti.

Baba mdogo wa Kimara, shikamoo. Nakuamkia mapema kwa sababu nitakayoyasema yanakuhusu, na sitaki mtu aseme mtoto wa kaka yako ameishiwa adabu tangu avuke Limpopo. Uliandika kwenye grupu la ukoo kwamba nimesafiri mpaka Sauzi kujifunza kuokota majani ya jirani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini kwenye grupu hilo hilo, mwezi huo huo, yalipita maombi matatu: bili ya maji imepanda, mbolea ya mfuko imeisha, na mtoto anahitaji dawa ya pumu. Baba mdogo, maombi yote matatu yanapita kwenye lile lundo lako la jioni.

Naanza na mbolea. Jani likiungua, naitrojeni yake yote karibu inaondoka na moshi. Kaboni nayo inaondoka. Kinachobaki ni majivu, yenye potashi na chokaa kidogo, na mvua ya kwanza ya masika inayasomba mpaka mtaroni. Sasa naitrojeni ndiyo hiyo hiyo unayoifuata dukani kwa jina la yurea! Yaani asubuhi unaichoma bure, mchana unaomba hela ya kuinunua. Mti wako wa mwembe umefanya kazi mwaka mzima kuivuta kutoka chini na kuiweka kwenye majani, ukaidondosha mlangoni kwako bila nauli, wewe ukaipiga kiberiti ili uwanja uonekane msafi.

Maji ni hivyo hivyo. Kitalu kilicho uchi kinapigwa jua la saa saba mpaka udongo unapasuka. Unamwagilia asubuhi, jioni pakavu, unamwagilia tena. Mnakumbuka Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua na DAWASA wakatangaza mgao? Watu walikuwa wanagombania ndoo kwa ajili ya kunywa na kuoga, nani angekumbuka mchicha? Udongo uliofunikwa hautoi maji kutoka mbinguni, lakini unayashika yale uliyoyaweka. Mimi hapa sukuma wiki yangu iliyofunikwa naimwagilia mara mbili kwa wiki wakati wa baridi, maana Durban majira ya baridi ndiyo kiangazi chake, mvua zake ni za joto. Kitalu nilichokiacha wazi kwa makusudi, nipate cha kuwaonyesha nyie wabishi, kinataka maji karibu kila siku. Udongo ule ule, mbegu ile ile, ndoo ile ile.

La pumu nitalisema kwa kifupi kwa sababu mimi si daktari. Sisemi moshi wa majani ndio uliomletea mtoto ugonjwa. Nasema moshi unamchokoza mwenye pumu, hilo kila kliniki itakwambia, na lundo la Kimara haliungui majani peke yake. Mle ndani kuna chupa, kuna vifuniko, kuna kandambili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini plastiki nyingine bado zinaingia motoni kila jioni, zikichanganyika na majani ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Nani alituambia kwamba jani ni uchafu? Mimi nimefikiri sana juu ya hili kwa sababu bibi yetu hakutufundisha hivyo. Nyie mliokulia Dar hamkuona, lakini sisi tuliokwenda likizo Bukoba tumebeba nyasi kichwani. Nyasi zilikatwa rweya, kule kwenye mbuga tupu, zikaletwa kibanjani na kutandazwa chini ya migomba. Kibanja cha Mhaya kilikuwa kimelala juu ya godoro la nyasi na majani ya migomba, ukikanyaga unadidimia, na udongo wa chini ni mweusi. Udongo wa rweya yenyewe ni maskini, hauoti cha maana, lakini kwa kuhamisha nyasi na samadi ya ng'ombe kutoka kule kuleta huku, vizazi kwa vizazi, wazee walitengeneza ardhi ambayo haikuwepo. Wachagga nao kwenye vihamba vyao hivyo hivyo, jani la mgomba linarudi kwenye mgomba. Maafisa kilimo wanaliita jambo hili matandazo, na wanalifundisha kwa chati na semina. Bibi hakuwa na semina. Alikuwa na panga.

Tukahamia mjini, tukaona ua uliofagiwa mpaka alama za ufagio zinabaki mchangani kama kitambaa cha mistari, tukasema huu ndio ustaarabu. Ukaja na wito wa serikali. Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alipoahirisha sherehe za Uhuru na kuagiza nchi nzima ifanye usafi, mimi niliunga mkono, kipindupindu kilikuwa kinaua watu na mitaro ilikuwa imeziba. Lakini nilipopiga simu nyumbani siku ile niliambiwa kwa fahari kwamba mmefyeka kila kitu nyuma ya nyumba mpaka udongo umeonekana, na mmechoma. Mfereji uliojaa maji machafu na jani lililodondoka chini ya mparachichi vikawa kesi moja!

Msidhani huku kwa Wazungu na Wahindi na Wazulu wamejua zaidi yetu. Hapa ujinga wenyewe una risiti. Mtaani kwangu nyumba nyingi zina majani ya kukata kwa mashine, na miti mikubwa ya maembe, maparachichi na ile mikrismasi yenye maua mekundu. Kila wiki wafanyakazi wa bustani wanakuja, mmoja ana mashine ya kufyeka, mwingine ana mashine ya kupuliza, kelele kama uwanja wa ndege. Kila kitu kinaingia kwenye mifuko ya plastiki, inapangwa barabarani, gari la manispaa linachukua. Jumamosi mwenye nyumba huyo huyo anawasha gari kwenda duka la bustani (silitaji, sitaki kesi) kununua mfuko wa maganda ya misonobari. Anamimina, anatawanya kwa mkono, yanatosha eneo la mkeka mmoja. Anarudi kununua mwingine. Mfuko wenyewe una picha ya ua zuri na maneno matamu kuhusu asili. Basi anatoa asili yake kwa plastiki na kununua asili ya mwingine kwa plastiki!

Na mifuko ile ikifika jalalani, hadithi haijaisha. Majani yakifukiwa chini bila hewa hayaozi kama yanavyooza shambani, yanatoa gesi ya methane, inayopasha joto anga kuliko hewa ukaa kwa mbali. Durban walikuwa na gesi hiyo nyingi kiasi kwamba manispaa ilichimba visima kwenye majalala ya Mariannhill na Bisasar Road, ikaivuta na kuzalisha umeme. Wataalamu wa nje walikuja kupiga picha. Mimi nawapongeza kwa kuivuna badala ya kuiacha ipae, lakini swali langu ni la kijijini: mboga zingehitaji majani yale, kwa nini yalifika pale?

Mimi ndiye ninayeisimamisha ile mifuko njiani. Hilo ndilo Baba mdogo aliloliita kuokota. Naomba kwanza, nasalimia kwa Kizulu, nasema nataka majani tu, na hakuna hata siku moja niliyokataliwa. Mwaka mzima sijanunua mfuko hata mmoja wa dukani. Marafiki zangu wabeba boksi wenzangu wananiletea hata maboksi yenyewe kutoka kazini: unatoa gundi ya plastiki na pini, unayalaza chini, unayalowesha, unaweka majani juu. Magugu yanakufa gizani. Jamani, boksi limenilisha mara mbili!

Kama mnataka ushahidi wa kitabuni, upo hapa hapa, kilomita chache kaskazini mwa mji. Mount Edgecombe kuna kituo cha utafiti wa miwa. Mwaka 1939 walianzisha shamba la majaribio: sehemu moja wanachoma miwa kabla ya kuvuna, sehemu nyingine wanavuna mibichi na kuacha majani yake yalale chini kama mkeka. Shamba hilo limeendelea kwa zaidi ya miaka 80, na hutajwa kuwa jaribio la miwa la muda mrefu kuliko yote duniani. Walichokiona ni kwamba penye majani udongo wa juu una mboji zaidi na unashika unyevu, na faida kwenye mavuno inaonekana hasa mwaka mvua ikiwa haba. Zaidi ya miaka 80, Baba mdogo! Na bado msimu wa mavuno ukifika, mashamba mengi ya KwaZulu-Natal yanawashwa moto, na majivu meusi yanadondoka kwenye nguo zilizoanikwa. Wana sababu zao: muwa uliochomwa ni rahisi kukata kwa panga na hauna majani ya kukukata mikono. Mkata miwa anayelipwa kwa uzito simlaumu. Lakini wewe wa Kimara unakata miwa gani?

Kuna mzee mmoja wa mkoa huu ningependa mmjue, Robert Mazibuko. Alikuwa mwalimu wa kilimo, Mwafrika, wakati wa ubaguzi, akafundisha watu maskini wa Edendale, karibu na Pietermaritzburg, kuchimba mtaro, kuujaza takataka za mimea, kuufunika kwa udongo na kupanda mboga juu. Alifariki mwaka 1994. Watu aliowafundisha hawakuwa na hela ya mbolea wala bomba la maji, na viwanja walivyosukumiwa vilikuwa vibovu. Hakuwaambia wasubiri msaada. Aliwaonyesha kwamba wanachokitupa ndicho kinachokosekana kitaluni. Namtaja kwa sababu najua mtu ataandika kwenye maoni kwamba haya ni mambo ya wazungu wenye nafasi.

Basi nijibu hoja zenu, maana nimezisoma zote.

Shangazi kasema nyoka. Shangazi, hapo nakuunga mkono nusu. Ua wa kufagiwa una sababu yake, wazee hawakuwa wajinga, nyoka na nge wanaonekana mapema kwenye uwanja mweupe na watoto wanacheza hapo. Fagia uwanja. Fagia njia ya kwenda chooni. Fagia mpaka ung'ae. Ulichofagia kipeleke kitaluni, ndiyo ombi langu lote. Uwanja ni wa watu, kitalu ni cha mimea, na mmea hauogopi nyoka wala hauhitaji kuonekana msafi mbele ya wageni.

Mama mdogo kasema mchwa. Hoja ya kweli, na Dar mchwa hawana mchezo. Acha nafasi, kama hatua moja, kati ya ukuta wa nyumba na majani, na usiweke mbao wala magogo humo. Mchwa wengi wanapenda kitu kikavu kilichokufa. Ukiwapa majani makavu juu ya ardhi mara nyingi wanahangaika na hayo, na kazi yao ni kuyashusha chini ya udongo. Nimeona wakila maboksi yangu. Sukuma wiki iliyo hai hawakuigusa. Sikuahidi kwamba hawatagusa cha kwako, mahindi yaliyokauka na miche dhaifu wanaila, lakini hao wapo hata kwenye kitalu kilicho uchi.

Konokono mmesahau kuwataja, nawasaidia. Huku wapo wakubwa kama ngumi, na chini ya majani mabichi wanapata hoteli. Dawa yangu ni tochi na ndoo saa mbili usiku. Siyo kazi ya kupendeza.

Kaka yangu, wewe uliyeandika "mabishano ya majani, hela ya ada iko wapi", nakujibu hapa hapa. Hela ya ada imetumwa. Ya mbolea haijatumwa na haitatumwa mpaka nione picha ya kitalu kilichofunikwa. Nimeongea na mama, amekubali.

Sasa namna ya kufanya, kwa wale watakaofanya. Kwanza mwagilia, au subiri mvua ishuke, halafu ndipo ufunike. Ukifunika udongo mkavu umeufungia ukavu ndani. Unene ni upana wa vidole vinne, vya mtu mzima, kama sentimita 7 hivi. Shina la mmea liachie nafasi ya kiganja lisigusane na majani, litaoza. Mbegu ndogo kama mchicha usizifunike, zitakosa njia: subiri zichomoze, zikifika urefu wa kidole ingiza majani katikati ya mistari. Nyasi mbichi zilizofyekwa zitandaze nyembamba na ziache zinyauke kwanza, ukizirundika nene zinachemka na kuwa kama ugali uliochacha, zinanuka na maji hayapiti. Nyasi zenye mbegu achana nazo, utakuwa umepanda magugu kwa mikono yako. Mkaratusi pia niuweke kando, majani yake mabichi hayaelewani na miche. Maranda ya fundi seremala yafaa, ila yakae juu tu, ukiyachanganya na udongo yanaunyang'anya naitrojeni mpaka yaoze. Na uliza kwanza kama mbao zenyewe zilipakwa dawa.

Dar mnavyo vingi kuliko mimi. Makumbi ya nazi, maganda ya karanga, makapi ya mpunga mashineni, mabua ya mahindi, majani ya miembe ambayo mtaa mzima unayachoma. Wauza mboga sokoni wanalipia kuondolewa maganda. Hapa Durban kuna soko la asubuhi pale Warwick, lina zaidi ya miaka 100, na uliwahi kufanyika mradi wa kuchukua mabaki ya mboga ya soko lile na kuyageuza mboji kwenye bustani ya mimea ya mji badala ya kuyapeleka jalalani. Si mradi wa kuhitaji wafadhili kila mahali. Bodaboda moja na magunia mawili yanatosha kwa nyumba yenye vitalu vinne.

Jambo jingine ambalo watu wa Kimara mnaoishi kwenye mteremko mnalijua vizuri kuliko mimi: mvua. Umbilo nayo imelala kwenye mteremko wa Berea, udongo wake ni mchanga mwekundu, ukilowa sana unatembea. Aprili 11 na 12, 2022, zilishuka milimita zaidi ya 300 ndani ya saa 24 sehemu kadhaa za Durban. Walikufa watu zaidi ya 400, nyumba zikaporomoka, mabomba ya maji yakakatika na sehemu nyingine za kaskazini zilikaa miezi bila maji. Sisemi majani yangezuia mafuriko yale, ingekuwa matusi kwa waliofiwa. Nasema juu ya mvua za kawaida, zile za kila mwaka ambazo hakuna gazeti linaziandika. Tone la mvua likipiga udongo mtupu linaupasua, chembe zinaziba vitundu, maji yanashindwa kuzama, yanaanza kukimbia na kuchukua tabaka la juu. Likipiga jani, linavunjika hapo na maji yanashuka polepole. Asubuhi baada ya mvua naangalia maji yanayotoka kwenye kitalu changu kilicho uchi, rangi ya chai ya maziwa. Ile rangi ndiyo chakula chenyewe kinachoondoka. Nyie mnauziwa tena kwa kilo.

Kwa ndugu wa Bukoba nina neno tofauti, maana kule tatizo si kiberiti. Nasikia kibanja cha bibi siku hizi hakifunikwi kwa sababu vijana wameondoka, ng'ombe wameuzwa na rweya imegawanywa kwa wapanda miti, nyasi zenyewe za kukata zinanunuliwa. Hapo siwezi kubishana na mtu kutoka Durban. Ila kinachowezekana kifanyike kwa majani ya migomba yenyewe, na kwa maganda ya kahawa yanayopatikana mashineni. Mkifunika, acheni eneo wazi kuzunguka kila shina, kama nusu mita na zaidi, kwa sababu fukusi wa migomba anajificha kwenye unyevu wa karibu na shina. Na mgomba wenye mnyauko, ule wa bakteria ulioingia Kagera miaka ya 2000, usikatwe na kutandazwa kwenye mingine hata kidogo, na panga lililoukata lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine. Huo ndio moto pekee ninaoukubali kwenye andiko hili. Ta Omukuru, wewe uliye jirani na kibanja, naomba upite uhesabu mashina yaliyonyauka uniambie, na kama kuna kijana wa kukata nyasi kwa siku mbili nitajie malipo yake, nitayatuma moja kwa moja kwake.

Maoni yako wazi hapo chini. Tukaneni kwa Kiswahili fasaha.